Nani Atalipa Deni la Moshi?



Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni kusomesha watoto na kuwapambanulia halali na haramu, leo ameshika kalamu kuandika juu ya hewa. Utasema: "Hewa ni ya Mwenyezi Mungu. Sheikh huyu angelituandikia khabari za mirathi na talaka ingelitufaa zaidi." Sikulaumu. Lakini nisikilize kwanza. Hewa hii imekwisha kutiwa sokoni. Ina bei yake kwa tani, ina madalali wake, ina mikataba yake. Na kitu kikishaingia sokoni, basi mizani huwapo, deni huwapo, na udanganyifu nao huwapo. Hapo mwalimu wa chuo akinyamaza atakuwa ameiacha kazi yake.

Jambo lenyewe ni hili. Moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi huacha angani kitu kisichoonekana kwa macho, kiitwacho hewa ya ukaa. Kabla ya viwanda kuenea ulimwenguni, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe kiasi cha 280 zilikuwa za hewa hiyo. Leo zimepindukia 420. Hewa hii ni mithili ya blanketi: ikizidi, joto lililoingia halipati njia ya kutoka. Bahari hupata joto na kutanuka, barafu za nchi za mbali huyeyuka, na maji hupanda. Na sisi watu wa Pemba hatuna haja ya kuhadithiwa khabari ya maji kupanda. Waulize watu wa Kisiwa Panza, ambako maji ya chumvi yameingia katika mashamba, wakaazimia kupanda mikoko ili kuyazuia. Waulize wenye mabonde ya mpunga ya kando ya bahari, waliokwisha kuacha kulima mahali walipolima baba zao.

Kwa sababu ya khatari hiyo, mataifa ya dunia yalikubaliana Paris mwaka 2015 kwamba katika nusu ya pili ya karne hii, kiasi cha hewa hizi kinachotolewa kiwe sawa na kiasi kinachoondolewa. Na mwaka 2022 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema wazi kwamba kazi ya kuondoa hewa ya ukaa angani haiepukiki ikiwa usawa huo unatakiwa ufikiwe. Maneno hayo ni ya kweli, wala mimi siyapingi. Ndiyo maana leo serikali na makampuni yanashindana kuandika shabaha: mwaka fulani tutakuwa tumeondoa tani kadhaa, mwaka fulani tutafika sifuri. Shabaha hizo ndizo ninazotaka mimi na wewe tuzitie mizanini.

Chukua mfano wa dau lililotoboka. Maji yanaingia, na mabaharia wana kazi mbili. Ya kwanza ni kuziba tundu. Ya pili ni kufua maji yaliyokwisha ingia, yaani kuyachota na kuyarudisha baharini. Kazi zote mbili ni za lazima. Ukiziba usifue, dau litabaki zito, na likija wimbi kubwa litakwenda chini. Ukifua usizibe, utafua mpaka mikono ife ganzi, na maji yatakushinda. Lakini hakuna nahodha mwenye akili anayezichanganya kazi hizi mbili akazifanya moja. Hasemi: "Nimeahidi kufua ndoo 100 tukikaribia Tanga, kwa hiyo tundu hili na liwe wazi mpaka hapo." Abiria wakimsikia nahodha anasema hivyo watamshika shati.

Basi maneno hayo hayo ndiyo wanayoyasema wengi wa wakubwa wa dunia, isipokuwa wao huyasema kwa karatasi nzuri. Huchukua hesabu ya moshi wanaoutoa, wakatoa ndani yake hesabu ya hewa wanayoahidi kuiondoa siku za mbele, kisha wakatuonyesha jawabu moja tu: sifuri. Ukiuliza katika sifuri hiyo kuziba ni kiasi gani na kufua ni kiasi gani, huambiwi. Sifuri ikawa ni kawa iliyofunika chakula: huijui chini yake mna wali au mna sahani tupu.

Mtoto wa chuo anajua kwamba toba ina masharti yake: kuiacha dhambi, kujuta, kuazimia kutoirudia, na ikiwa kuna haki ya mtu, kumrudishia mwenyewe. Sharti la mwanzo ni kuacha. Mtu anayesema, "Nitatubia mwaka ujao, kwa hiyo nipisheni mwaka huu," huyo hakutubia, bali amejiandikia rukhsa ya maasi.

Wala usidhani kwamba kuzitenga hesabu hizi mbili ni jambo lisilowezekana. Uswidi imeandika kwamba ifikapo mwaka 2045, moshi utokao ndani ya nchi uwe umepungua kwa asilimia 85 angalau, ukilinganishwa na ule wa mwaka 1990. Kilichobaki tu, kisichozidi asilimia 15, ndicho kinachoweza kufidiwa kwa njia nyingine, kuondoa hewa ya ukaa ikiwa mojawapo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 nayo iliweka mpaka: katika shabaha yao ya mwaka 2030, hewa iliyoondolewa isihesabiwe zaidi ya tani milioni 225. Yaani walijua kwamba bila ya mpaka, kufua kutafanywa hila ya kukimbia kuziba. Basi ikiwa wao kwa wao hawaaminiani mpaka kuwe na mpaka, kwa nini sisi tuwaamini bila ya mpaka?

Sasa tutazame uwezo wa huko kufua. Dunia hutoa kiasi cha tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kila mwaka kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi. Inayoondolewa kwa kazi za binadamu ni kiasi cha tani bilioni 2 tu, na karibu yote hiyo ni kazi ya miti iliyopandwa na misitu iliyorudishwa. Njia mpya, za mashine na mawe na nyinginezo, zikichanganywa zote pamoja, hazifiki tani milioni 2. Katika Aislandi, kampuni ya Climeworks ilifungua mwaka 2024 kiwanda kiitwacho Mammoth, kilichojengwa ili kivute angani tani 36,000 kwa mwaka. Ni kazi ya akili na inastahiki kusifiwa. Lakini piga hesabu kama unavyompigia mtoto wa skuli: ili kuvuta moshi wa mwaka mmoja wa dunia, vingetakiwa viwanda kama hicho zaidi ya milioni moja.

Na Omani, waliko jamaa zetu wengi, ipo kampuni iitwayo 44.01, jina lililotokana na uzani wa chembe ya hewa ya ukaa. Wao huiyeyusha hewa hiyo katika maji na kuishindilia ndani ya miamba ya milima ya huko, nayo hushikamana na mwamba ikageuka jiwe. Tazama maajabu ya Muumba: mlima unameza moshi ukaufanya jiwe! Mimi nikisikia khabari kama hizi hufurahi, na ningependa vijana wetu walioko Maskati wajifunze elimu hiyo. Lakini elimu changa si ghala iliyojaa. Wanavyuoni wetu walikataza kuuza samaki angali baharini na ndege angali angani, kwa kuwa muuzaji hana hakika ya kukabidhi. Anayeandika leo kwamba mwaka 2050 ataondoa mamilioni ya tani kwa mashine isiyojengwa, na kwa ahadi hiyo akaendelea kuchoma mafuta leo, huyo anauza samaki wa baharini na bei ameshaila.

Tuje kwetu. Kwa kuwa mashine ni ghali na bado ni chache, macho yote yamegeukia miti. Na kwa kuwa miti iliyobaki aghlabu iko katika nchi za maskini, macho hayo yametugeukia sisi. Mwaka 2010 ulianza Zanzibar mradi wa Hifadhi ya Misitu ya Asili, maarufu kwa jina la HIMA, kwa fedha za Serikali ya Norwei, ukiendeshwa na shirika la CARE pamoja na Idara ya Misitu. Shehia zaidi ya 40 za Unguja na Pemba ziliingia. Wanavijiji walichora mipaka, wakaunda kamati, wakafanya makubaliano ya kusimamia misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 1996. Wakaambiwa kwamba msitu ukihifadhiwa, hewa ya ukaa iliyozuiwa itapimwa na kuuzwa nje, na fedha zitarudi kijijini. Mradi ukamalizika mwaka 2014. Biashara ile ya hewa haikupata kufanyika.

Wala simtuhumu mtu kwa khiyana. Mradi ule ulikuwa na kheri zake: watu walipata haki iliyoandikwa juu ya misitu yao, na si jambo dogo. Lakini tuyatie akilini mafunzo mawili. La kwanza: mwanakijiji alianza kufunga msitu siku ile ile, akaacha kuni na fito zake siku ile ile, mnunuzi yeye hakuwa amefungwa na chochote. Mmoja alitoa taslimu, mwengine alitoa matumaini. La pili, nalo ndilo wasilolieleza: msitu uliozuiwa usikatwe haukuondoa moshi wa mtu yeyote angani. Umezuia moshi mwingine usiongezeke. Ni kama jirani aliyejizuia asitoboe tundu la pili katika dau. Twamshukuru, lakini hajafua hata kata moja ya maji. Kumwandikia tajiri kwamba ameondoa hewa kwa sababu maskini hakukata mti wake, hiyo ni ghushi katika kipimo. Na wapunja vipimo Qur'ani Tukufu imewateremshia sura nzima yenye jina lao.

Hata pale panapopandwa miti mipya, iko hila nyingine. Hili nitakueleza kwa kisa changu mwenyewe, na ndani yake kosa ni langu pia. Miaka michache nyuma walikuja wageni katika shehia yetu wakiwa na shabaha yao tayari: kupandwe miche 5,000 ya mikoko. Nikaombwa nitoe wanafunzi wangu, nikatoa. Tulipofika ufukweni, mama mmoja mchokoaji wa pweza alinivuta pembeni akaniambia: "Maalim, hapa ni mahali pa mililana. Mkoko hautashika hapa, maji yana nguvu. Upandeni kule ndani kwenye tope lililotulia." Nilijua anasema kweli, kwani amezaliwa na ufuko ule. Lakini wageni walikuwa na haraka, picha zilikuwa zinapigwa, watoto wamevishwa fulana mpya, nami nikanyamaza. Kwa siku moja shabaha ikatimia: miche 5,000. Wakaondoka. Ulipovuma upepo wa kusi ukamalizika, nilirudi na watoto wawili kuhesabu. Hatukufika 100.

Sasa nakuuliza, ndugu msomaji: katika karatasi za wageni wale, ni 5,000 au ni 100? Wewe unajua jawabu. Shabaha yao ilikuwa ni kupanda, wala haikuwa ni mti kusimama. Na mama yule aliyekuwa na elimu ya mahali hakuwa na nafasi katika karatasi. Mwenyezi Mungu anisamehe kwa kunyamaza kwangu.

Hapana Mpemba asiyelijua jambo hili katika karafuu zake. Karafuu mbichi kilo tatu, zikianikwa zikakauka, hubaki kiasi cha kilo moja. Hakuna mnunuzi anayekubali kulipia mbichi kwa bei ya kavu. Atazitazama, atazishika, atazipima, na zikiwa na unyevu au makonyo atazirudisha. Basi mche uliopandwa leo ni karafuu mbichi. Mti uliosimama baada ya miaka 20, ukapimwa shina na urefu wake, huo ndio karafuu kavu. Kwa nini katika karafuu zetu tunapimiwa kavu, na katika hewa ya matajiri wao wahesabiwe mbichi?

Na hata mti ukisimama, tazama muda wake. Mti huishika hewa ya ukaa maadamu u hai. Ukiungua au ukikatwa ukachomwa, hewa inarudi ilikotoka. Lakini sehemu ya moshi wa makaa ya mawe unaotoka leo itabaki angani kwa maelfu ya miaka. Anayetoa moshi wa maelfu ya miaka na akaweka rehani ya msitu wa miaka 30, huyo hajalipa. Ameahirisha deni, kisha amewaachia wajukuu zetu kazi ya kuilinda rehani yake.

Hebu sasa tumtafute mdaiwa. Mtanzania mmoja, ukigawanya moshi wa mafuta na gesi na makaa ya mawe wa nchi nzima, hafikishi nusu tani kwa mwaka. Mmarekani mmoja hutoa kiasi cha tani 14. Kisiwa hiki chetu kilikuwa kikiwasha taa zake kwa majenereta ya Wesha mpaka mwaka 2010, ulipoletwa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Na hata leo ziko nyumba ambazo taa ikizimwa mapema ni kwa kuogopa gharama. Si sisi tulioijaza hewa. Lakini anayetakiwa kufua mbele ya wote ni nani? Mwaka 2025 mawaziri wa mazingira wa Umoja wa Ulaya walikubaliana juu ya shabaha ya mwaka 2040: kupunguza moshi kwa asilimia 90, lakini ndani ya hiyo wakajiruhusu kiasi cha asilimia 5 kukinunua katika nchi za nje, kuanzia mwaka 2036. Nchi za nje ni nani kama si sisi?

Wala sitawasema Wazungu peke yao nikawanyamazia ndugu zetu. Mwaka 2023 kampuni ya Dubai iitwayo Blue Carbon iliingia katika maelewano na Tanzania juu ya misitu ya hekta zipatazo milioni 8. Pemba nzima, pamoja na milima yake na mabonde yake na makaburi yake, haifiki hekta 100,000. Yaani hayo ni maelewano ya ardhi inayopita Pemba 80. Na nchi za Ghuba ni wauzaji wakubwa wa mafuta hayo hayo. Udugu wa dini haufuti hesabu. Bali ndugu ndiye anayestahiki zaidi kuambiwa ukweli. Anayechimba mafuta kwa mkono mmoja na kukodi misitu ya maskini kwa mkono wa pili, apimwe kwa mizani ile ile tunayompimia asiyekuwa Mwislamu.

Atatokea mtu aniambie: "Sheikh, basi wataka tukatae kila kitu? Fedha zinakuja, watu wana njaa." La hasha! Mimi nasema shabaha za kuondoa hewa ya ukaa ziwekwe, na ziwekwe leo, kwa sababu maji yamo ndani ya dau na lazima yafuliwe. Kuna moshi wa saruji, wa ndege, na wa mashamba ambao kuuondoa wote ni vigumu sana, na kuna uliokwisha kujaa. Asiyeweka shabaha kabisa ni mwongo mwenza wa anayeweka shabaha ya ghushi. Lakini ziwekwe kama tunavyoweka mkataba. Katika biashara ya salam, ambapo bei hulipwa leo na bidhaa hukabidhiwa baadaye, wanavyuoni wameshurutisha kipimo kijulikane na muda ujulikane. Kwa nini? Kwa sababu ahadi isiyo na kipimo wala muda ndiyo mlango wa ugomvi na dhulma. Na babu zetu waliijua dhulma hiyo katika biashara ya vyeso, ya kuuza karafuu zingali changa mtini kwa bei ya dhiki. Basi anayekuja na shabaha, awe ni serikali, kampuni au shirika, aulizwe mambo matano.

La kwanza: kupunguza ni kiasi gani, na kuondoa ni kiasi gani? Kila kimoja kiwe na daftari lake, na kisijazwe kimoja kwa kingine.

La pili: ni mwaka gani? Na asitutajie mwaka 2050 peke yake. Anayeweka ahadi hiyo akiwa na umri wa miaka sitini na kitu kama mimi, tutakwenda kumdai wapi? Makaburini? Pawe na shabaha ya kila miaka mitano, ili anayeahidi awe ndiye anayeulizwa.

La tatu: hewa hiyo itawekwa wapi, na kwa muda gani? Katika mwamba, au katika mti? Moshi wa makaa ya mawe usifidiwe kwa mche wa mwaka juzi.

La nne: nani anapima? Muuzaji asijipimie, wala mnunuzi asijipimie. Bara zilitungwa kanuni za biashara hii mwaka 2022, na kiko kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ni vyema. Lakini kipimo kisomwe pia shehiani, kwa Kiswahili, mbele ya yule mama mchokoaji wa pweza.

La tano: nani analipa, na nani anakula khasara jambo likishindikana? Ikiwa upepo ukiangusha miti khasara ni ya kijiji, na mti ukisimama faida ni ya kampuni, hiyo si biashara.

Na serikali zetu wenyewe, ya Muungano na ya Mapinduzi, nazo tuziulize hayo hayo. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kwamba ifikapo 2030 itapunguza moshi wake kwa asilimia 30 hadi 35 chini ya pale ambapo ungefika kama hapangefanywa kitu. Ni haki yetu kujua katika ahadi hiyo msitu wa kijiji chetu umehesabiwa mara ngapi: kwa taifa, kwa mnunuzi, au kwa wote wawili. Mbuzi mmoja hauzwi kwa watu wawili.

Baada ya kuwasema wengine, tujiseme wenyewe. Wako miongoni mwetu wanaosema, "Hayo ni mambo ya wakubwa," na huku usiku wanaingia mikokoni na shoka. Tunakata boriti, tunakata kuni za kuchomea chokaa, kisha maji yakiingia shambani tunauliza nani ametuletea balaa. Mkoko ni ukuta wetu kabla ya kuwa ni bidhaa ya mtu. Na mti wowote atakaoupanda Mwislamu, akala katika huo mtu au ndege au mnyama, ni sadaka yake; hayo Mtume (S.A.W.) ametufundisha, na thawabu hizo hazingojei cheti cha mnunuzi.

Tuwatazame jirani zetu wa Gazi, pwani ya Kenya. Tangu mwaka 2013, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na fedha zimeingia katika maji ya bomba na skuli zao. Wamefaulu kwa sababu mambo ni madogo, yanahesabika, na wenye mikoko ndio waamuzi. Ni mfano mwema, tuufuate. Lakini pima tena: tani 3,000 ni moshi wa mwaka mmoja wa Wamarekani 200 na kidogo. Kijiji kizima cha pwani, kwa jasho la mwaka mzima, kimefua maji ya watu wa mtaa mmoja. Je, bado yuko mtu wa kuniambia kwamba mikoko yetu itatosha kuwa udhuru wa moshi wa dunia?

Basi, ndugu msomaji, nakuusia. Ukiwa ni sheha au mjumbe wa kamati ya msitu, usitie saini karatasi ya miaka 30 kwa kikao cha saa mbili. Iombe kwa Kiswahili, ipeleke nyumbani, isomwe na wanawake na vijana, kwani wao ndio watakaoishi nayo. Ukiwa ni mzazi mwenye mtoto Omani au Uingereza, mwandikie aulize huko anakofanya kazi: shabaha yenu ya kuziba ni ipi? Na ukiwa ni mwalimu kama mimi, wapeleke watoto mikokoni, lakini wapeleke mara mbili: siku ya kupanda, na siku ya kuhesabu.

Mimi mwaka huu nimewarudisha wanafunzi wangu kwenye ufuko ule. Safari hii hatukuwa na fulana wala picha. Tulimtanguliza mama yule mbele, akatuonyesha pa mililana na pa mikoko, tukapanda michache kwa kadiri ya nguvu zetu. Tumepatana kuihesabu kila baada ya msimu wa kusi, na hesabu itaandikwa ukutani chuoni, iwe nzuri au mbaya. Hiyo ndiyo shabaha yetu: kidogo, lakini kila mtu aweza kutushika nayo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao vipimo, atulinde na dhulma ya kudhulumu na ya kudhulumiwa, na akihifadhi kisiwa chetu na watu wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.